Taa za Mbele na Haki ya Ajaye



Nataka jioni hii tuzungumze habari ya taa za mbele za magari yetu, na hasa desturi iliyoenea ya kuzitoa balbu zilizokuja na gari na kutia mahali pake balbu nyingine zenye nuru kali zaidi, zile ziitwazo zenoni na LED, ambazo siku hizi huuzwa kila penye duka la vipuri. Kila asafiriye usiku kati ya Chalinze na Segera, au kati ya Voi na Mtito Andei, amekwisha kupambana na nuru hizo zikimjia usoni, na aghalabu amemshutumu dereva wa upande wa pili kwamba amekataa kushusha taa, ilhali dereva yule amezishusha zamani, na hiyo inayowaka ndiyo dimu yenyewe. Akipigiwa fuli kukumbushwa, naye hujibu kwa fuli yake kuonyesha kwamba hana hatia. Basi watu wawili wasiojuana, wakiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, ambao ni takriban mita 22 kwa kila sekunde moja, hupishana wote wawili hawaoni mbele.

Insafu yataka tuanze na mwenye gari, kwa sababu haja yake ni ya kweli. Magari mengi tuyanunuayo yamekwisha kutumika Japani miaka saba au zaidi kabla ya kupakiwa merikebuni, na vioo vya taa zake si vioo bali ni plastiki, ambayo jua huiunguza hata ikawa ya manjano na yenye ukungu. Nyaya zimechoka, soketi zimeshika kutu, na usiku wa kwanza wa safari ndefu mnunuzi hutambua kwamba analiona shimo baada ya kulikanyaga. Siku ya pili, akiwa Dar es Salaam, huenda Gerezani, au akiwa Nairobi huenda Kirinyaga Road, akafunguliwa kisanduku chenye balbu mbili zilizong'arishwa, zina feni ndogo nyuma, na juu ya kisanduku pameandikwa hesabu kubwa ya nuru ambayo hana njia ya kuihakiki. Fundi humaliza kazi kwa muda mfupi mno. Taa huwashwa, ukuta wa mbele huwa mweupe, na mwenye gari huondoka radhi. Simlaumu kwa kutaka kuona. Lakini ukuta ule ulio karibu na pua ya gari haukumwonyesha ukweli, na ukweli wenyewe umo ndani ya balbu ile aliyoitoa na kuitupa.

Tuitwae mkononi balbu hiyo, iitwayo H4, iliyoingia sokoni mwaka 1971 na ambayo hata leo imo katika magari yetu mengi madogo, pikapu na daladala. Ndani ya kichupa chake mna nyuzi mbili za tangsteni, mmoja wa wati 60 kwa ajili ya fuli na mmoja wa wati 55 kwa ajili ya dimu, na chini ya ule wa dimu pana kikombe kidogo cha madini, kifupi kuliko ncha ya kidole, ambacho mtu asiyejua hudhani ni pambo. Kikombe hicho ndicho adabu yote ya taa. Nuru ya uzi ule ingeachwa ienee kote, ile ishukayo kwenye nusu ya chini ya rifleka, yaani bakuli ing'aayo inayoizunguka balbu, ingerudishwa juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kikombe huizuia isifike huko, ikabaki ile inayopiga nusu ya juu tu, ambayo hutupwa chini kuelekea barabarani. Tena ukingo mmoja wa kikombe umeshushwa kwa digrii 15, na kwa kushushwa huko nuru hupewa ruhusa ya kuinuka kidogo upande mmoja, yaani upande wa pembeni mwa njia, ili dereva amwone mwenye baiskeli, mchunga ng'ombe na mama anayerudi na kuni zake.

Sasa dhahiri ni kwamba vipimo vya namna hii havistahimili kuchezewa. Rifleka imepindwa kwa hesabu, ikiuzunguka uzi mahali maalumu, na uzi ukihama hata kwa milimita moja, mpaka kati ya nuru na giza hupotea, na miali ikaenda isikokusudiwa. Balbu ya LED haina uzi. Ina vibao vyembamba vyenye punje za nuru, kimoja kikitazama kulia na kimoja kushoto, na unene wa kibao wenyewe umekwisha kuiondoa nuru mahali pake. Baadhi ya watengenezaji hujitahidi kuweka kikombe cha kuigiza, na baadhi yao hukaribia, lakini kukaribia si kufika. Zenoni, nayo, haina uzi wala kibao. Ni cheche ya umeme iendeleayo kuwaka ndani ya gesi, ikianzishwa kwa volti zipatazo makumi ya maelfu, na umbo la cheche hiyo halifanani kabisa na umbo la uzi ambalo rifleka ilipindwa kwa ajili yake.

Walakini zenoni haikuzaliwa na aibu. Ilipotiwa kwa mara ya kwanza katika gari la BMW la daraja la juu mwaka 1991, ilitiwa ndani ya taa iliyobuniwa kwa ajili yake, na waliotunga kanuni walijua fika kwamba balbu ya wati 35 itoayo nuru ya lumeni 3200, ilhali dimu ya H4 hutoa lumeni 1000 tu, ni kitu cha kutiliwa masharti. Kwa hiyo kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, ikaamuru kwamba gari lenye dimu ya balbu inayozidi lumeni 2000 sharti liwe na mtambo wa kuishusha taa wenyewe kila mzigo unapolemea nyuma, na liwe na kifaa cha kuosha taa, maana tope lililokauka juu ya kioo huitawanya nuru pande zote. Anayenunua zenoni ya kisanduku na kuitia katika gari la H4 amechukua nuru mara tatu na kuacha masharti yote matatu: rifleka yake, mtambo wake na maji yake.

Na je, angalau yeye mwenyewe anaona vizuri zaidi? Hapa ndipo watu wengi hughurika. Balbu isiyo mahali pake huijaza nuru ile sehemu ya barabara iliyo karibu kabisa na bampa, na jicho la mwanadamu, likiona weupe mwingi karibu, hujifinya; likishajifinya, kule mbali ambako ng'ombe amesimama huwa giza kuliko zamani. Dereva huhisi usalama mahali ambapo usalama umepungua. Fauka ya hayo, wauzaji husifu nuru nyeupe iliyoelekea buluu, ya kipimo cha kelvini 6000 au 8000, ilhali balbu ya kawaida hubaki karibu na 3200 na zenoni ya kiwandani ni takriban 4300; nuru ya kibuluu humuumiza zaidi anayekuja, na wakati wa mvua, lami ikiwa nyeusi na imelowa, mwenyewe aliyeitia hulalamika kwamba haoni mistari ya njia.

Nije sasa kwenye sheria, ambayo wengi huidhania kuwa ni uonevu wa askari wa usalama barabarani. Katika nchi nyingi msingi wake ni mapatano yaliyofanywa Geneva mwaka 1958, chini ya Umoja wa Mataifa, ya kuwa na kanuni za pamoja za vyombo vya magari. Balbu za uzi zina kanuni yao, namba 37. Za zenoni zina yao, namba 99. Na za LED zina yao, namba 128. Lakini lililo muhimu kuliko namba zote hizo ni hili: idhini hutolewa kwa taa nzima pamoja na aina ya balbu iliyopimwa nayo, wala haitolewi kwa balbu peke yake ikaweza kuhamia popote itakapo. Ukiinama mbele ya gari na kusoma maandishi madogo ya kwenye kioo cha taa, mara nyingi utaiona herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, 1 ikiwa Ujerumani na 4 Uholanzi, na karibu yake herufi HCR, kuonyesha kwamba taa hiyo ni ya halojeni, yaani ya balbu ya uzi kama ile H4, nayo ina dimu na fuli. Ile ya zenoni huandikwa DCR. Anayetia zenoni katika taa ya HCR ameifuta idhini ya taa ile kwa mkono wake.

Nchi zilizokwisha kulifikiri jambo hili zimelikata waziwazi. Katika Uingereza, tangu Januari 2021, mwongozo wa ukaguzi wa kila mwaka umetaja kwamba taa za halojeni za gari dogo zisigeuzwe kutumia zenoni wala LED, na gari lililogeuzwa hukataliwa. Marekani, ambayo haifuati kanuni za Geneva bali ina kiwango chake namba 108, hushikilia kwamba balbu ya kubadilisha sharti iwe ya aina ile ile ambayo taa ilitengenezewa. Ujerumani ndiyo iliyonipendeza zaidi, kwa kuwa haikusema hapana na kunyamaza. Mwaka 2020 mamlaka yake ya magari iliipa rukhsa balbu moja ya LED ya kampuni ya Osram kuchukua nafasi ya halojeni, lakini kwa orodha: gari fulani, la namna fulani, lenye taa ya namba fulani, maana ndizo zilizojaribiwa pamoja na balbu hiyo, mojamoja, hata ikathibitika kwamba haimdhuru anayekuja. Gari lako likiwa katika orodha, umehalalishiwa. Likiwa nje ya orodha, balbu ile ile, ya kiwanda kile kile, huliondolea gari lako kibali cha kutembea barabarani. Naona hiyo ndiyo insafu ya sheria, kwa sababu imepima kabla ya kuruhusu, na imepima kabla ya kukataza.

Kwetu je? Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haikutunga mlango maalumu wa balbu za kisanduku, lakini inataka gari na sehemu zake zote, na taa zimetajwa kwa jina, ziwe wakati wote katika hali isiyoweza kuwahatarisha watu wengine barabarani. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 nayo imejengwa juu ya msingi huo wa gari kuwa zima na salama. Kwa hiyo asemaye kwamba hakuna sheria hasemi kweli. Kilichopungua ni kipimo. Gari liingialo Kenya hukaguliwa kwa kiwango cha KS 1515, likiwa bado lina taa zake za asili. Likishapata namba na kukabidhiwa mwenyewe, balbu hubadilishwa wiki ile ile, na askari aliye kando ya njia usiku hana chombo cha kupimia kimo cha nuru, ana macho yake tu, nayo yamekwisha kupofuzwa kama ya wengine.

Pana na jambo la upande wa njia ambalo nasikitika halizungumzwi vya kutosha. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na magari ya Japani pia yametengenezewa kushoto, kwa hiyo nuru yake iliyoinuliwa huangukia pembeni mwetu, inakotakiwa. Lakini gari lililotoka Dubai, likiwa limetengenezewa njia ya kulia, likahamishwa usukani hapa kwetu na kuachiwa taa zake za zamani, huinua nuru kulia, usoni mwa anayekuja, hata kama balbu yake ni ya kiwandani na haina dosari. Vivyo hivyo dereva wa lori atokaye Dar es Salaam, akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, hubadili upande wa barabara, lakini taa zake hazibadiliki. Na Burundi, ambako watu huendesha kulia, magari ya Japani ni mengi. Alama ya kutambua ipo: taa ya kanuni za Geneva iliyokusudiwa njia ya kushoto tu ina mshale mdogo kwenye kioo, unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama mbele ya gari akiitazama. Anunuaye gari na autafute mshale huo kabla ya kutazama redio na viti.

Nimeambiwa mara nyingi, na wauzaji ambao sina sababu ya kuwaona waongo, kwamba balbu zao zina alama ya E kwenye kisanduku. Ni kweli, baadhi zinayo. Lakini isomwe yote: aghalabu hufuatwa na namba 10R, nayo ni idhini ya kwamba kifaa hakileti mkoromo katika redio na vyombo vya umeme, haihusu hata kidogo nuru iendako. Alama ya CE vilevile si idhini ya taa ya barabarani. Na kwenye pembe ya kisanduku, kwa herufi ndogo za Kiingereza, mara nyingi mwenye kiwanda ameandika mwenyewe kwamba bidhaa hii haikukusudiwa kutumika katika barabara za umma. Mwenye kiwanda amejitoa katika dhamana. Ajali ikitokea, na kampuni ya bima ikauliza, atakayejibu ni mwenye gari.

Balbu za halojeni za wati 100 kwa 90 nitazitaja kwa ufupi, kwa kuwa madhara yake huonekana upesi: mbili zikiwaka fuli huvuta zaidi ya ampea 16 katika nyaya zilizokusudiwa kumi, na soketi huyeyuka.

Basi asiyeona afanye nini? Aanze na kioo chake. Plastiki ya manjano hupigwa msasa laini wa maji, daraja kwa daraja, ikasuguliwa kwa dawa na kupakwa kinga ya jua, na wengi waliofanya hivyo wamegundua kwamba balbu haikuwa na kosa lolote. Kisha fundi apime umeme unaofika kwenye soketi, taa zikiwa zinawaka na injini inanguruma. Balbu ya uzi ni dhaifu mno kwa upungufu wa volti: ikipata 12 badala ya 13.2, hupoteza zaidi ya robo ya nuru yake, na magari mengi ya zamani hupoteza zaidi ya hapo kwa ajili ya nyaya nyembamba na earthi iliyoshika kutu. Waya mnene kutoka betri, relei mbili na fyuzi yake, kazi ya asubuhi moja kwa fundi umeme mwaminifu, hurudisha nuru halali ambayo gari lilikuwa nayo tangu mwanzo. Baada ya hayo ndipo zinunuliwe balbu mpya za halojeni za kampuni inayojulikana, mbili kwa pamoja, zisishikwe kichupa kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huunguza mahali pale balbu ikipata moto.

Hatua ya mwisho ndiyo ipuuzwayo kuliko zote, nayo haigharimu kitu. Gari liwekwe mahali tambarare, matairi yana upepo wa sawasawa, mita 10 kutoka ukutani. Kipimwe kwa chaki kimo cha katikati ya taa, na mpaka wa juu wa nuru ya dimu ushuke sentimita 10 chini ya alama hiyo. Taa iliyo kimo cha sentimita 65 itaigusa lami kwa mita 65 mbele, umbali unaomtosha mwenye mwendo wa busara. Lakini ikiinuka kwa kadiri hiyo hiyo badala ya kushuka, ikifika mita 50 itakuwa juu kwa mita 1.15, mahali yalipo macho ya dereva wa gari dogo, na macho hayo huchukua sekunde kadhaa kurudiwa na uwezo wake, huku gari likila mita 22 kwa kila moja. Na kama dashibodi ina kile kigurudumu kidogo chenye namba 0 mpaka 3, kizungushwe ili nuru ishuke kila gari linapopakiwa nyuma; wapo walioendesha miaka mingi wasijue kazi yake.

Mwenye uwezo, na ambaye bado anataka LED, anunue taa nzima iliyotengenezwa na kupewa idhini kwa LED, ya upande wa kushoto, ya gari lake. Ni ghali, nami sifichi hilo. Hukumu yangu ni kwamba balbu ya kisanduku isiyopimwa pamoja na taa haifai kuwekwa katika gari litembealo barabara ya umma, hata kama bei yake ni njema na mwenyewe ameridhika nayo, kwa sababu kuridhika kwake kumelipwa kwa macho ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Nawaomba wakuu wa viwango, TBS na KEBS, wazikague balbu hizi zinapoingia bandarini, mahali ambapo kazi ni nyepesi kuliko kumkamata dereva mmojammoja njiani usiku. Na wafuate mfano wa orodha ya Ujerumani, ili mwenye kiwanda aliye mkweli apate njia ya kuthibitisha ukweli wake. Nawaomba mafundi wasikabidhi gari kabla ya kulisimamisha mbele ya ukuta na chaki. Na wewe uliyekwisha kuzitia, ambaye wanakupigia fuli kila usiku nawe hujui sababu, mwendee fundi wako kesho mchana, azitoe, arudishe za asili, azipime, kisha ndipo umlipe.